Kilwa hadi Kinshasa: Safari Ina Urefu Gani Hasa?

Mkazi wa Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, akitaka kwenda Kinshasa kwa masomo au matibabu, kwa kawaida hupandia ndege Lubumbashi. Haya ndiyo maswali ya kujibu kabla ya kukata tiketi.

Kinshasa iko mbali kiasi gani?

Kwa njia ya anga, Lubumbashi hadi Kinshasa ni kama kilomita 1,550. Kilwa yenyewe haiko mbali zaidi: ni kama kilomita 1,500 tu. Lakini Kinshasa iko kaskazini-magharibi, na msafiri wa Kilwa hulazimika kwanza kushuka kusini kama kilomita 350 kwa barabara. Ukitafuta umbali huu kwenye intaneti, hakikisha umepewa Kilwa ya Haut-Katanga, si ile ya pwani ya Tanzania.

Jeti huenda kilomita 800 kwa saa. Mbona safari huzidi saa mbili?

Mwendo huo huupata ikishafika juu. Wakati wa kupaa na kushuka huenda polepole zaidi, na pengine huzunguka ili itue ikiukabili upepo. Tena, muda wa kwenye ratiba huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, hukoma inapoegeshwa tena. Kwa hiyo hesabu saa mbili na robo hivi.

Kwa nini tiketi ya kwenda huonyesha saa moja na robo, na ya kurudi saa tatu na robo?

Kongo ina majira mawili ya saa. Saa ya Lubumbashi na Kilwa iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Ukiondoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, 10:00, utatua N'djili, uwanja wa Kinshasa, 11:15 kwa saa ya huko. Ukiondoka N'djili 10:00, utafika Luano 13:15. Angani umekaa muda uleule. Anayekuja kukupokea mwambie saa ya mahali alipo yeye.

Basi nipange muda gani?

Usipange kutoka Kilwa na kupanda ndege siku hiyohiyo. Masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, lori moja likikwama kwenye tope laweza kuzuia magari yote yaliyo nyuma yake. Fika Lubumbashi angalau siku moja kabla. Wakati wa mvua, siku mbili. Ukishatua N'djili, ongeza muda wa msongamano wa magari kwenye Boulevard Lumumba kabla ya kufika katikati ya mji.

Je, ndege yenye kasi zaidi ingetusaidia?

Kidogo sana. Kasi ikiongezeka kwa kilomita 100 kwa saa, utaokoa dakika kumi na chache. Barabara ya Lubumbashi hadi Kilwa ikitengenezwa ipitike mwaka mzima, msafiri ataokoa siku nzima, na mgonjwa atamwahi daktari. Wanaoitaka Kinshasa iwe karibu na Kilwa waanze na barabara hiyo.