Nguo za Mtoto Mchanga katika Chumba Kimoja

Katika zile nyumba za Kiswahili za Dar es Salaam, ambazo ukumbi wake hupita katikati kutoka barazani hadi uani na vyumba vikapangana kulia na kushoto, ni jambo la kawaida kumkuta mume, mkewe na watoto wao wakiishi ndani ya chumba kimoja cha kupanga, chumba ambacho kitanda peke yake kimekwisha chukua nusu ya sakafu, na nusu iliyobaki ikagawanywa baina ya kabati, ndoo za maji, jiko na vyombo. Humo ndimo aletwamo mtoto, na pamoja naye huja mzigo wa nguo usiolingana kabisa na udogo wa mwili wake: mawinda, vifulana, kofia, soksi, blanketi, na kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Hazipiti siku nyingi nguo hizo zikawa zinambana, na mama, kwa kuwa si mwenye israfu na anatumai kuwa Mwenyezi Mungu atamruzuku mwingine, huzikunja akazitia sandukuni mvunguni mwa kitanda, zikangoje mwaka mmoja, au miwili, au mitatu. Kijitabu hiki kinazungumzia muda huo wa kungoja, kwa sababu dhiki ya nafasi haimdhuru mtoto kama kinavyoweza kumdhuru kile kilichotiwa sandukuni pamoja na nguo zake.

Aghalabu kinachotiwa ni vile vidonge vyeupe vya naftalini, ambavyo huuzwa kwa bei rahisi na watu huvitumia kufukuzia mende na nondo. Naftalini ina tabia ya kugeuka mvuke pasipo kuyeyuka kwanza, na ndiyo maana kidonge hupungua siku hata siku mpaka kikatoweka bila ya kuacha tone la maji. Sehemu ya mvuke huo hukaa katika nyuzi za nguo, na kutoka humo huingia mwilini mwa mtoto kwa pumzi na kwa ngozi. Na ngozi iliyopakwa mafuta, kama ilivyo desturi ya wengi kuwakanda wachanga baada ya kuwaogesha, huipokea sumu hiyo kwa wepesi zaidi.

Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kuzihifadhi chembe nyekundu za damu zisiharibiwe na vitu vya namna hii. Upungufu huo ulitambuliwa mwaka 1956, wataalamu wa Marekani walipokuwa wakitafuta sababu ya baadhi ya watu kupungukiwa damu ghafula baada ya kumeza primakwini, dawa ya malaria. Na umeenea sana katika nchi zenye malaria, kwani humpa mwenye nao kinga kiasi dhidi ya maradhi hayo, hata ukarithiwa kizazi baada ya kizazi. Mtoto wa kiume huurithi kwa mamaye, na wavulana ndio wanaodhurika zaidi. Mtu huweza kuishi umri wake wote kwa siha njema asijue kuwa anao. Lakini mtoto wa siku chache mwenye upungufu huo, akifunikwa blanketi lililolala na naftalini, chembe za damu yake huanza kupasuka kwa wingi, rangi ya manjano itokayo humo hulishinda ini lake changa, macho na mwili hugeuka manjano, na rangi hiyo ikizidi kiasi chake huingia ubongoni, ambako huweza kumwua mtoto, au kumwachia uziwi na ulemavu wa viungo usiotibika.

La kusikitisha ni kwamba hatari yote hiyo huletwa nyumbani bila ya haja. Viwavi wa nondo hula sufu, manyoya na hariri, wala hawana hamu na pamba safi, na nguo za watoto katika joto la pwani karibu zote ni za pamba. Mende nao hufuata maziwa yaliyocheuliwa na uji uliokaukia kifuani, au dondo. Basi nguo iliyofuliwa ikatakata, na isitiwe dondo, haina cha kuwavutia. Atakaye harufu nzuri na afunge karafuu chache kavu katika kitambaa, aziondoe kabla ya kumvisha mtoto. Asiihesabu karafuu maiti kuwa badala iliyo salama, kwani hiyo nayo ni sumu, na mtoto atambaaye akiiokota akaila huweza kushikwa na degedege. Udi nao, pamoja na heshima yake yote, usubiri: moshi ni moshi, na mapafu ya mtoto mchanga hayabagui wa arusi na wa jikoni.

Adui wa kweli wa mvunguni ni unyevu. Katika masika, baina ya Machi na Mei, nguo huonekana kavu kwa kiganja ilhali pindo na mishono ingali mbichi, na ikifungwa hivyo ndani ya mfuko wa nailoni, ukungu huota na hewa ya ukungu humkera kifua mtoto na wakubwa pia. Afadhali zikae kapuni siku kadhaa mpaka jua litoke, kuliko kufungwa kwa haraka ya kupata nafasi. Sanduku la bati ndilo bora, maana panya hawezi kulitoboa; liinuliwe juu ya matofali mawili ili maji ya kudekia yasilifikie, wala lisigusane na ukuta, kwa kuwa kuta za nyumba nyingi hunyonya mvua. Asiye na sanduku, ndoo ya plastiki yenye mfuniko yamtosha. Kila baada ya miezi michache, siku ya jua kali, nguo zitolewe uani zipigwe na upepo. Mafuta ya taa yasikae karibu nazo kabisa.

Kuna inzi ambaye hutaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa mchangani, na funza wake huingia ngozini akafanya kitu mfano wa jipu. Anika juani, kwenye kamba, kisha upige pasi pande zote mbili, hasa mishononi. Pasi ikiwa ya mkaa, ipigiwe uani: mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo rangi wala harufu, na aliyelala hupotewa na fahamu asiamke.

Tena kitanda kisifanywe kabati. Rundo la nguo zinazongoja kukunjwa, likiegemezwa karibu na kichwa cha mtoto, huporomoka usiku likamziba pua, naye hana nguvu ya kulisukuma. Alazwe chali, na pembeni yake pawe patupu. Zisizomfaa tena, kama hukusudii kuzihifadhi, mpe jirani au wifi.

Na unapozitoa, mwambie zilihifadhiwa na nini. Nawe ukiletewa, uliza, wala usione haya, hata kama mletaji ni mama mkwe. Zikinuka naftalini, asivishwe mtoto mchanga: zifuliwe na kuanikwa nje mara nyingi hata harufu iishe kabisa, na blanketi zito lililokwisha kolea liachwe kwa wakubwa. Mtoto akionekana manjano katika weupe wa macho, ufizi au viganja, akilegea au akikataa ziwa, au mkojo wake ukiwa mweusi kama chai ya rangi, asikalishwe nyumbani kwa kuota jua la asubuhi, kwani jua hilo halitoshi kumponya; apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, pamoja na nguo aliyokuwa amevaa, na mganga aambiwe waziwazi kuwa ilitoka katika sanduku lenye vidonge.