Kundi la WhatsApp la wafinalisti: namna ya kulifanya lifundishe

Kijana wa Goma anayejiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo, mara nyingi anatumia simu ya mzazi au ya kaka yake, mega zake ni chache na umeme si wa kutegemea. Kundi la masomo lipimwe kwa uwezo huo.

Kabla ya yote, katika kila simu upakuaji wa picha na video unaojiendesha uzimwe. Usipofanya hivyo, video za makundi mengine zitamaliza mega usiku, na asubuhi somo halifunguki.

WhatsApp inapokea hadi watu 1,024 katika kundi moja, lakini kwa masomo kumi na tano wanatosha. Mwalimu anapofundisha, kundi lipangwe ili wasimamizi peke yao waandike. Saa ya maswali ikifika, lifunguliwe kwa wote. Somo liwe sauti ya dakika mbili na picha ya ukurasa iliyopigwa mchana karibu na dirisha. Video ziacheni.

Jambo linalonigusa zaidi ni namna ya kuuliza. Anayeleta swali la hesabu atume kwanza picha ya daftari lake ikionyesha alipokwama, hata kama amekosea kuanzia mstari wa kwanza. Kwa maswali ya kuchagua, herufi peke yake isikubaliwe kuwa jibu. Aliyechagua aeleze kwa sauti kwa nini majibu mengine si sahihi. Hapo ndipo mtoto anajifunza, na mwenzake anayesikiliza anajifunza pia. Anayeleta majibu ya mtihani ya kuuza, mtoeni siku hiyohiyo.

Halafu kuna uvumi. Volkeno ya Nyiragongo, karibu na Goma, ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Familia zilitembea kwa miguu hadi Sake, nyingine zikavuka kwenda Rwanda, huku simu zikijaa habari za kutisha kuhusu gesi ya Ziwa Kivu. Saa kama hiyo, ujumbe wenye mishale miwili umeshapitia mikono mingi, usiusukume mbele. Uliza: nani ameona, kartie gani, saa ngapi? Linganisha na taarifa za kituo cha volkeno cha OVG au Radio Okapi. Na usitume kamwe picha inayoonyesha mahali watu wamejificha.

Simu nayo ina mwisho wake. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na intaneti vilikatika. Kwa hiyo kila jioni nakilini somo la siku katika daftari, na kwenye jalada la ndani muandike namba za wazazi, za mwalimu, na mahali familia itakapokutana ikitawanyika.