Je, Kliniki Inawafikia Wote?

Siku ya kliniki uwanja wa zahanati hujaa. Mizani inaning'inia, watoto wanalia, na daftari la muuguzi linajaa majina kabla ya saa sita. Mtu akipita hapo atasema huduma ya mama na mtoto inakwenda vizuri. Pengine ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo daftari haliwezi kutuambia, nalo ni nani hakuja.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kitongoji kimoja cha Mkula, chini ya milima ya Udzungwa, kina watoto 40 waliotimiza mwaka mmoja. Walioandikwa kliniki ni 32, na kati yao 30 wamepata chanjo ya kwanza ya surua. Ukigawanya 30 kwa 32 unapata 94 kwa mia, na muuguzi ana haki ya kufurahi. Ukigawanya kwa watoto wote 40 unapata 75 kwa mia tu. Watoto 10 hawana kinga, na 8 kati yao hakuna daftari linalowajua. Surua ikiingia kitongojini, itawapata.

Watoto hao wako wapi? Sisi wa bonde la Kilombero tunajua. Mvua zikianza, familia nyingi huhamia mashambani kwenye mpunga na kukaa huko mpaka mavuno. Tena mambo huweza kugeuka: zahanati inayopokea akina mama wa vijiji vya jirani huweza kuonekana imechanja zaidi ya 100 kwa mia ya watoto wake!

Kwa hiyo wanaotaka kujua ukweli huenda nyumbani kwa watu. Huku kwetu kazi hiyo ilianza mwishoni mwa 1996, wakati kituo cha utafiti cha Ifakara kilipoanza kuandikisha kaya za vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Waandikishaji walirudi kila baada ya miezi 4 kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama.

Faida yake ilionekana katika mpango wa vyandarua vyenye dawa wa miaka ile. Kuanzia 1997 wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo walipewa kliniki hati ya kupunguziwa bei ya chandarua. Hati 8,000 zilipohesabiwa, 7,720 zilikuwa zimerudi kutoka kwa wauzaji, yaani 97 kwa mia. Nani asingesema mpango umefaulu? Lakini akina mama walipoulizwa majumbani, miaka 2 baada ya mpango kuanza, waliokuwa na habari ya hati walikuwa 43 kwa mia, na waliokuwa wameitumia kununua chandarua ni 12 tu kwa mia. Tena ilionekana kwamba wenye nafuu waliitumia zaidi kuliko maskini kabisa. Hati zilizotoka zilifanya kazi; tatizo ni kwamba wengi hazikuwafikia. Wahusika hawakuficha hesabu hiyo, bali walianza upya kuwaelimisha wananchi. Sisi tunaona huo ni uungwana.

Hesabu za taifa nazo husomwa hivyo hivyo. Katika uchunguzi wa 2015-16, karibu wajawazito wote, 98 kwa mia, walikuwa wamehudhuria kliniki angalau mara moja, lakini waliofika mara 4 au zaidi walikuwa 51 kwa mia. Kufikia 2022 hao wa mara 4 walikuwa 65 kwa mia, na watoto waliozaliwa katika vituo vya afya walifika 81 kwa mia kutoka 63. Ni maendeleo makubwa, ila mtoto 1 kati ya 5 bado alizaliwa nje ya kituo.

Basi mwandikishaji akibisha hodi, mjibuni bila kuona haya. Mtoto ambaye hajachanjwa atajwe, maana huyo ndiye anayetafutwa. Mleteeni kadi ya kliniki badala ya kukisia tarehe. Na mnapohamia shamba, kadi isibaki kijijini kwenye sanduku. Ifungeni katika mfuko wa nailoni isilowe, nanyi mwende nayo. Zahanati iliyo karibu na shamba itamchanja mtoto bila malipo, na kadi itamwonyesha muuguzi asiyewajua ni chanjo ipi imebaki.