Land Rover iliyo juu ya mawe: piga hesabu kabla ya kushika spana

Katika vijiji vya Kanda ya Kati, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Kondoa na Manyoni, bado zinaonekana Land Rover za zamani zilizo juu ya mawe. Kwa mwenye nayo, gari la namna hiyo ni mkweche unaoziba uwanja. Kwa mfanyabiashara anayejua soko, ni mali inayoweza kufufuliwa na kuuzwa kwa bei nzuri. Hata hivyo, bei ya kulinunua ni sehemu ndogo ya gharama. Anayeuliza "linauzwa kiasi gani?" bila kuuliza "litakaa gereji muda gani?" anaweza kumaliza kazi akiwa na gari zuri na mfuko mtupu.

Somo la wiki hii linachambua hesabu ya kufufua Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985.

Faida ya ukame

Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, nayo kwa kawaida ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Miezi iliyobaki hewa ni kavu. Kwa sababu hiyo chuma kilichokaa nje miaka 20 Kondoa mara nyingi huwa na hali bora kuliko kilichokaa Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa ya chumvi ya bahari hula chesisi.

Sababu ya pili ni kodi. Gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 10 linaloagizwa kutoka nje hutozwa ushuru wa forodha, VAT, na juu yake ushuru wa bidhaa wa nyongeza wa asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu. Gari ambalo tayari limesajiliwa nchini halina mzigo huo. Linachodai ni vipuri na ufundi.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Bodi ya Land Rover hii ni ya aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu kama bati la chuma. Hapo ndipo wanunuzi hudanganyika. Chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni wa chuma. Chesisi huoza kuanzia ndani, hivyo rangi ya nje haisemi ukweli. Mnunuzi alale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge boriti ya nyuma na mahali springi zinaposhikia. Mlio mkavu ni dalili njema. Nyundo ikizama, chesisi imekwisha, na gari hilo linafaa kununuliwa kama vipuri tu. Uingereza bado zinatengenezwa chesisi mpya zilizopakwa zinki, lakini nauli na ushuru wa mzigo huo ni vya kuhesabiwa kabla ya kukubaliana bei.

Alumini iliyopasuka nayo ina gharama yake. Haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya vyuma. Inahitaji mashine ya gesi ya agoni na fundi aliyeizoea. Gereji nyingi hubandika kiraka kwa ripiti na kufunika kwa puti, kazi ambayo mnunuzi mjuzi huigundua kwa kupitisha kiganja.

Ukame nao una hasara zake. Jua hupasua raba za milango, mipira ya breki na nyaya za umeme. Maji ya visima vya Kanda ya Kati mara nyingi yana chumvi, na gari lililojazwa maji hayo kwa miaka mingi huwa na magamba ndani ya rejeta na katika njia za maji za injini. Vitu hivi havionekani siku ya kununua, lakini hulipiwa vyote.

Kwa upande wa injini, iwe ya petroli au ya dizeli, mara nyingi ujazo ni uleule wa cc 2,286. Zile za kabla ya mwaka 1980 krenki yake hushikwa na beringi kubwa 3, na za baadaye 5. Anayeagiza vipuri Gerezani au Nairobi bila kujua tofauti hiyo ataletewa beringi zisizoingia, na nauli haitarudi.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Dodoma aliyeambiwa bei ya Sh. milioni 6 kwa gari lililoko Kondoa, lenye chesisi nzima na vifaa vyake karibu vyote. Takwimu hizi ni za kufundishia hesabu, si bei ya soko. Kila mmoja aweke za kwake baada ya kuzungukia gereji.

Kununua gari: Sh. 6,000,000
Kulisafirisha na nyaraka: Sh. 700,000
Chesisi na bodi: Sh. 4,500,000
Injini (kuchonga silinda na krenki, ringi, beringi, gasketi): Sh. 3,800,000
Giaboksi, difu, springi na breki: Sh. 3,200,000
Umeme, taa na betri: Sh. 1,100,000
Rangi: Sh. 2,200,000
Matairi 5, viti, vioo na raba: Sh. 3,000,000
Jumla ndogo: Sh. 24,500,000
Akiba ya dharura, asilimia 20 ya gharama zote zisizo bei ya kununua: Sh. 3,700,000
Jumla: Sh. 28,200,000

Katika mfano huu bei ya kununua ni karibu sehemu moja kwa tano tu ya fedha zote. Akiba ya dharura si anasa. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 40 halifunguliwi bila kukutwa na jambo jipya, na asiyeiweka ataitoa tu, ila ataitoa kwa kukopa.

Muda ni fedha iliyolala

Gharama ambayo haiandikwi katika risiti yoyote ni muda. Tuseme mfanyabiashara huyo amekopa Sh. milioni 15 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na atalipa deni lote siku gari litakapouzwa. Riba ya mwaka mmoja ni Sh. 2,700,000. Kazi ikiisha kwa miezi 12, gari limemgharimu Sh. 30,900,000. Akiliuza kwa Sh. milioni 34 na kumlipa dalali asilimia 5, yaani Sh. 1,700,000, anabakiwa na Sh. 1,400,000.

Gari hilohilo likikaa gereji miezi 24, kwa sababu fundi anasubiri krenki au mwenye gari ameishiwa, riba inakuwa Sh. 5,400,000. Gharama inapanda hadi Sh. 33,600,000, na akishamlipa dalali amepata hasara ya Sh. 1,300,000. Hakuna kilichoharibika katika gari. Kilichobadilika ni kalenda. Mwenye kutumia fedha zake mwenyewe asijidanganye kuwa yuko salama, kwani fedha hizo zingeweza kukaa katika dhamana za Serikali au kuzungushwa dukani.

Dawa yake ni kununua vipuri vikubwa vyote kabla ya gari kufunguliwa, kumlipa fundi kwa hatua iliyokamilika badala ya kwa wiki, na kupanga rangi iwe ya mwisho. Upepo wa kiangazi Dodoma hubeba vumbi, na rangi inayopigwa chini ya mti hulazimika kurudiwa.

Injini ya asili au ya Kijapani?

Mafundi wengi watashauri kung'oa injini ya asili na kuweka dizeli ya Kijapani iliyotumika, kama Isuzu au Nissan. Ushauri huo una mantiki kwa gari la kazi: vipuri vinapatikana kila mji na gari linaanza kuingiza fedha mapema. Lakini mnunuzi wa gari la kumbukumbu analipia uasili, na kwake injini ngeni ni sababu ya kushusha bei. Mfanyabiashara aamue mapema anamuuzia nani. Anayechanganya njia zote mbili hutumia fedha za mkusanyaji na kuuza kwa bei ya gari la kubebea mahindi.

Aidha, namba ya injini imo katika kadi ya gari. Injini ikibadilishwa, taarifa zifikishwe TRA, la sivyo gari litakwama siku ya kuhamisha umiliki.

Nyaraka

Magari mengi ya aina hii yameandikwa majina ya watu waliokwisha kufariki. Kununua kwa mtoto wa marehemu kwa maandishi ya mkono ni hatari. Mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na kadi kabla shilingi haijatoka.

Nani atanunua?

Wanunuzi wapo. Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari. Mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic yamekuwapo tangu mwaka 2003. Peugeot 404 nayo ina jina: ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Hata hivyo bodi ya 404 ni ya chuma na haina chesisi ya pembeni, hivyo kutu yake ni ghali zaidi kuitibu. Soko hili ni dogo na wanunuzi wake hawana haraka. Asiingie mtu kwa fedha ya ada au ya mbegu.

Kanuni ya kushika

Hesabu ianzie bei ya kuuza na kurudi nyuma. Katika mfano wetu, Sh. milioni 34 ukitoa dalali, riba ya mwaka mmoja na Sh. 22,200,000 za kazi pamoja na akiba, zinabaki Sh. 7,400,000. Mwenye kutaka faida ya Sh. milioni 3 asinunue gari hilo kwa zaidi ya Sh. 4,400,000. Mwenye gari akishikilia milioni 6, aachiwe gari lake juu ya mawe.