Dakika kumi na tano bila kutazama mpira

Shemeji yangu ana kibanda cha kinyozi sokoni Bugeshi, na pembeni ya kioo hubandika msimamo wa ligi kuu ya Rwanda aliouandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Msimu mmoja, baada ya raundi ya tatu, Etincelles yangu ilikuwa inaburuza mkia. Shemeji akachukua kalamu nyekundu mbele ya wateja, akaizungushia duara, akatangaza kwamba imeshashuka daraja. Raundi ya tatu! Watu wakaangua kicheko, na mmoja akanishauri nihamie Rayon Sports nipumzishe moyo.

Nikamwambia: shemeji, hilo duara usilifute, liache hapo hapo mpaka ligi iishe, kwa sababu mimi namba sita wetu mpya nimeshamwona. Ligi ilipoisha Etincelles ilikuwa bado ligi kuu. Karatasi ilikuwa imepauka kwa jua la dirishani, lakini duara lilisomeka vizuri kabisa. Nilikaa kwenye kiti chake, nikanyolewa bure mbele ya wateja wale wale, na kila mara mashine ilipozima nikamwomba ageuke aisome ile karatasi.

Tangu siku hiyo vijana wa huku juu huniuliza niliona nini. Basi haya ni maelezo yangu ya namna ya kuzitazama siku za kwanza za ligi, kwa shabiki wa timu isiyo na fedha nyingi, anayeshuka kutoka Bugeshi hadi uwanja wa Umuganda mjini Gisenyi, hapa hapa wilayani Rubavu.

Ya kawaida nayapitia mbio. Tiketi lipia kwa simu mapema, usingoje kusukumana getini. Sweta beba, hata kama mchana ni mkali: ligi hufunguliwa Agosti au Septemba, na mvua za Septemba hazina adabu, hasa kwetu tunaolala chini ya Karisimbi. Kula nje ya uwanja. Mimi sina shaka hata kidogo kwamba chakula cha mpira ni yai la kuchemsha lililopasuliwa, chumvi kidogo, na matone mawili ya mafuta ya pilipili ya Akabanga. Matone mawili, siyo manne. Na iwe Akabanga yenyewe, kile kichupa kidogo cha matone. Ukiona muuzaji anachota pilipili kwa kijiko kutoka kwenye kopo lisilo na jina, mshukuru na uendelee na safari. Baada ya mechi, kama mfuko unaruhusu, sambaza, vile visamaki vya Kivu, vya kukaanga.

Hatua ya kwanza ni usafiri. Kushuka ni rahisi, maana asubuhi magari ya viazi hushuka na dereva mwenye roho nzuri hukosi. Kurudi ndiko kwenye kazi. Watu wa pikipiki wanaijua saa ya mwisho wa mechi kuliko refa, na bei ya kupanda mlima hupanda pamoja na mlima wenyewe. Nimeshagombana nao vya kutosha. Dawa ni kukubaliana na dereva mmoja asubuhi, umlipe nusu, nusu nyingine ukifika nyumbani. Huyo atakusubiri hata dakika za majeruhi zikiwa kumi.

Na hapo hapo niseme la jezi, maana limenikaa rohoni. Kuna muuzaji mmoja karibu na uwanja, simtaji, aliyeniuzia jezi ya ufunguzi wa msimu akaniapia kwamba ni ile ile wanayovaa wachezaji. Ilinyesha kipindi cha pili. Kufikia filimbi ya mwisho rangi ilikuwa imehamia kwenye shati langu jeupe la ndani, na namba ya mgongoni imekunjamana ikaanguka pale jukwaani. Nilipomrudia wiki iliyofuata akaniambia jezi haitakiwi kunyeshewa. Jezi ya mpira, Rubavu, haitakiwi kunyeshewa! Nunua ya klabu yenyewe, hata kama utakaa miezi miwili ukikusanya pesa, au vaa shati la kawaida na upige kelele zaidi.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Shemeji alikuwa na hoja moja ya kweli, nami sikuipuuza. Ligi yetu ni fupi. Timu 16, mechi 30 kwa kila timu. Ukipoteza tatu za mwanzo umeshapoteza sehemu ya kumi ya msimu. Binamu yangu anayeishi Marekani amezama kwenye besiboli, na kila mwisho wa Machi hunitumia ujumbe mrefu wa sauti kuhusu siku ya ufunguzi, amejaa furaha kama mtoto aliyeshonewa nguo za Idi. Kule ratiba ni mechi 162 kwa kila timu. Mwaka 1988 Baltimore Orioles walifungwa mechi 21 za mwanzo mfululizo, na hata robo ya msimu ilikuwa haijafika. Walimaliza mkiani, lakini walikuwa na miezi mitano mizima ya kujitetea. Sisi hatuna nafasi hiyo. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu azipuuze mechi za kwanza. Ninachosema ni kwamba asitazame matokeo yake, kwa sababu matokeo ya mwanzo yanadanganya.

Ushahidi tulipewa hapa hapa nyumbani, Januari 2016, Rwanda ilipoandaa mashindano ya CHAN na kundi D likachezwa Umuganda: Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe. Mechi yao ya kwanza Mali walitoka sare ya 2-2 na Uganda, na Waganda wakashangilia kana kwamba kombe limeshapanda basi la Kampala. Uganda hawakutoka kwenye kundi. Mali walifika fainali. Kigali, siku ya ufunguzi, timu yetu ya taifa, Amavubi, iliifunga Côte d'Ivoire 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Emery Bayisenge, nchi nzima haikulala. Waliofungwa siku ile ndio waliomaliza nafasi ya tatu. Sisi tulioshinda tulitolewa robo fainali na Kongo ya Kinshasa, 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Kongo hao hao wakaichapa Mali 3-0 tarehe 7 Februari wakabeba kombe. Matokeo ya mechi ya kwanza peke yake yangekudanganya kuhusu Mali na kuhusu Côte d'Ivoire. Argentina nao walifungwa na Saudi Arabia mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia 2022, na kila mtu anajua Desemba ile iliishaje.

Hatua ya pili, na hii ndiyo niliyokuja kuisema: dakika kumi na tano za kwanza usitazame mpira.

Nilifundishwa na mzee mmoja fundi cherehani, ambaye kiti chake Umuganda kinajulikana na hakuna anayekikalia. Kila mara watu waliposimama yeye alikuwa anatazama upande mwingine. Nikamuuliza, mzee, unatafuta nini kule ambako hakuna mpira? Akanijibu, mwanangu, mpira ukiingia wavuni watu watanipigia kelele, sitaukosa. Huyu mgeni nikimkosa leo nitamlaumu bure mwaka mzima.

Chagua mchezaji mmoja mpya. Mmoja tu. Awe namba sita au beki wa kati, siyo mshambuliaji, kwa sababu mshambuliaji siku ya kwanza anaweza kufunga kwa goti na ukadanganyika hadi Krismasi. Mtazame yeye peke yake, hasa mpira ukiwa mbali naye. Hesabu mara anazogeuza shingo. Yule namba sita wetu wa msimu ule, kabla pasi haijamfikia, alitazama bega la kushoto, kisha la kulia, kisha akanyoosha mkono nyuma kidogo kumpima adui alipo, vidole vimetanuliwa. Mpira ulipomgusa mguu alikuwa ameshajua unakwenda wapi. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Alifanya hivyo hivyo tena, na tena, tukiwa tumeshafungwa, jukwaa zima likimzomea kocha.

Halafu tazama anasimama wapi sisi tunapopiga kona. Hapo sote tuna macho kwenye boksi la wapinzani, na ndiyo saa ya kumjua mtu. Wapo wanaosogea mbele kutafuta jina. Namba sita wetu alirudi hatua tano akasimama katikati ya mshambuliaji wao na goli letu, akamwita beki wa kushoto kwa mkono ashuke. Kona ikaokolewa, mpira ukarushwa mbele, ukaangukia miguuni mwake. Hakuna aliyempigia makofi, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba pale palikuwa na bao la pili ambalo halikufungwa.

Jambo jingine ni nyasi. Umuganda ni nyasi bandia, na mpira unadunda na kukimbia tofauti na viwanja vya udongo na nyasi za kweli ambako vijana wengi wanatokea. Mgeni mwenye akili utamwona anapunguza nguvu ya pasi baada ya mbili tatu kumtoka. Asiye nayo atapiga zile zile hadi dakika ya tisini, kisha atalalamikia uwanja.

Na jambo la mwisho la kumtazama ni baada ya kosa la mwenzake. Siku za kwanza makosa ni mengi, wachezaji hawajazoeana, wengine wamesajiliwa juzi. Je, anainua mikono kuonyesha jukwaa kwamba siyo yeye, au anakimbia kuziba? Hilo halibadiliki kati ya Agosti na Mei. Pumzi inaongezeka, kuelewana kunaongezeka, lakini mwenye tabia ya kuinua mikono atainua hadi siku ya mwisho.

Mimi huandika kwenye daftari dogo: mstari kwa kila shingo iliyogeuka, msalaba kwa kila mpira uliopotea. Nikirudi nyumbani naangalia mistari kabla sijaangalia matokeo ya viwanja vingine. Ukurasa wa namba sita ulikuwa umejaa mistari siku ambayo shemeji alikuwa anatafuta kalamu nyekundu.

Kipindi cha pili hamia kwa kipa, lakini huyo msikilize badala ya kumtazama. Umuganda siyo uwanja mkubwa. Ukikaa karibu na goli, sauti yake unaipata. Kipa anayewaita mabeki wake kwa majina tangu mechi ya kwanza amefanya kazi mazoezini. Anayepiga kelele tu bila jina la mtu, Kinyarwanda kidogo, Kiswahili kidogo, Kifaransa kidogo, bado hawajui walio mbele yake, na mabao ya mipira ya juu yatakuja.

Wapo watakaosema kwamba nguvu zote hizi ni za bure kwa timu ambayo mchezaji wake mzuri atanunuliwa msimu ujao. Ndiyo, atanunuliwa. Haruna Niyonzima ni mtoto wa Gisenyi, alianzia Etincelles, akaenda Rayon Sports, akaenda APR, na mwaka 2011 akavuka hadi Yanga, kisha Simba, na Watanzania wakamwimba kama wao. Waliomwona akiwa kijana pale nyumbani wana kitu ambacho mashabiki wa Dar es Salaam, pamoja na wingi wao, hawakukipata. Wachezaji wa namna hiyo huonekana mapema, mbele ya watu wachache, kwenye mechi ambayo haijadiliwi popote.

Na uchache huo ndio unaoniumiza. Siku APR au Rayon Sports wakija, Rubavu nzima inakuwa na shughuli Umuganda, na nusu ya watu wamevaa rangi za wageni. Mechi ya kwanza ya nyumbani, Etincelles au hata majirani zetu Marine FC, unahesabu viti vitupu. Klabu za hapa zinahitaji hela ya getini katika miezi hiyo ya mwanzo kuliko wakati wowote, wakati usajili umeshamaliza akiba. Ndugu wa Bugeshi, Mudende na Busasamana, msingoje wakubwa. Ratiba ikitoka, itafuteni mechi ya kwanza ya nyumbani, lipieni tiketi siku hiyo hiyo, na mje na daftari.