Somo: Kuondoa cha Zamani Bila Kupoteza Mali

Ndugu wafanyakazi wa mashamba ya michikichi na viwanda vya mawese vya Rumonge, na wenzetu wote wa mwambao wa Tanganyika,

Leo tunajifunza jambo la kompyuta, kwa sababu katika ofisi nyingi siku zetu za kazi, mishahara na michango ya pensheni hutunzwa humo.

Katika kila kompyuta kuna programu kuu, iitwayo keneli, inayoongoza mashine nzima. Sehemu yake moja ni mfumo wa mafaili. Huo ni kama karani wa stoo ajuaye kila mzigo uko rafu gani. Karani akiondoka na daftari lake, mzigo upo lakini hauonekani.

Keneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ina mifumo mingi ya mafaili. Mmoja, ReiserFS, uliingizwa mwaka 2001. Baadaye watumiaji wakapungua, na watunzaji pia. Lakini kila mafundi walipotengeneza sehemu za pamoja, iliwalazimu kuutengeneza na huo. Ulikuwa kama mchikichi uliorefuka mno: kuukwea ni hatari, na bado unadai kupaliliwa.

Mafundi hawakukurupuka na panga. Mwaka 2022 walitangaza kwamba mfumo huo utaondolewa mwaka 2025, ili kila mwenye mali ahamishe. Januari 2025 toleo la 6.13 likatoka bila mfumo huo, na mistari zaidi ya 30,000 ya programu ikafutwa. Kabla ya hapo, mwaka 2015, waliondoa programu ya ext3 bila kumhamisha mtu, kwa kuwa mrithi wake, ext4, husoma diski zilezile.

Tunajifunza nini? Kusafisha ni kazi ya lazima, lakini kunataka taarifa, muda na njia ya kuhamia. Hata mchikichi mpya huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuzaa; anayefyeka shamba lote kwa siku moja atakamua nini?

Maswali ya kujadili tawini:

1. Ofisi ikibadili kompyuta, nani atahakikisha kwamba kumbukumbu za miaka ya nyuma bado zinafunguka?
2. Nakala zinawekwa wapi, na nani amewahi kuzijaribu?
3. Je, kila mmoja wetu anatunza nyumbani karatasi zake za mshahara?