Nepi za Mtoto Mwenye Ulemavu Mkali: Fahamu Msaada Uliopo

Watoto wengi huacha nepi wakiwa na umri wa miaka miwili au mitatu. Kwa mtoto mwenye utindio mkali wa ubongo, huenda nepi ikahitajika akiwa na miaka minane, kumi na mbili, au maisha yake yote. Kadiri anavyokua ndivyo nepi zinavyopanda bei, hadi mzazi alazimike kununua za watu wazima.

Kadiria gharama
Zidisha idadi ya nepi za siku moja kwa siku 30, kisha kwa bei ya nepi moja. Nepi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi. Tuseme moja inauzwa Sh50. Familia itahitaji Sh6,000 kila mwezi.

Msaada wa Serikali
Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Kupitia Inua Jamii, Serikali ya Kitaifa hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa familia maskini inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkali, yaani anayehitaji mlezi wakati wote. Mlezi hupokea fedha hizo kwa niaba ya mtoto na anaweza kuzitumia kununua nepi. Katika mfano wetu, zingetosha nepi 40, theluthi moja ya mahitaji ya mwezi.

Hatua za kufuata
1. Mpeleke mtoto akafanyiwe tathmini ya ulemavu katika hospitali ya umma inayotoa huduma hiyo.
2. Msajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.
3. Fika kwa chifu au afisa wa maendeleo ya jamii ukiwa na kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na stakabadhi za usajili. Uliza ni lini familia mpya zitaandikishwa.

Kusajiliwa na Baraza pekee hakumwingizi mtoto katika Inua Jamii, kwa hivyo hatua ya tatu isirukwe. Usimlipe mtu yeyote anayeahidi kukuingizia jina.

Kupunguza matumizi bila kumuumiza mtoto
Wazazi wengine humnyima mtoto maji ili nepi zisiishe haraka. Hilo ni hatari: huweza kuleta ukosefu wa choo na maambukizi ya njia ya mkojo. Kumwacha na nepi iliyolowa nako huchubua ngozi na kunaweza kuleta vidonda, hasa kwa mtoto asiyeweza kujigeuza.

Njia bora ni kutumia nepi za kitambaa cha pamba mchana, zifuliwe kwa sabuni, zisuuzwe vizuri na kuanikwa juani. Zile za kutupa, maarufu kama daipa, ziwekwe kwa ajili ya usiku na safari. Familia ya mfano wetu ikitumia mbili kwa siku badala ya nne, gharama hushuka hadi Sh3,000.

Vilevile, muulize mtaalamu wa tiba ya vitendo hospitalini iwapo mtoto anaweza kuzoeshwa choo. Baadhi ya watoto wenye ulemavu hufaulu wakikalishwa kwenye kiti chenye egemeo kila baada ya mlo, kwa saa zilezile.

Kinyesi kimwagwe chooni, lakini daipa yenyewe isitupwe kwenye choo cha shimo, kwani hukijaza upesi.

Sauti ya mkazi
Kila mwaka, makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Walezi wanaotaka nepi zitengewe fedha wanaweza kuwasilisha pendekezo hilo, kwa mdomo au kwa maandishi, katika vikao vya ushirikishwaji wa umma. Waeleze idadi ya watoto wanaohitaji nepi katika wadi yao na gharama ya kila mwezi, wakitumia hesabu iliyoelezwa hapo juu.